MBA ya jioni, cheti cha miezi sita au kubaki kazini na mtu wa kunielekeza? Nimepewa mpaka mwisho wa mwezi

Msimamizi_Mpya: Wakuu habari zenu. Nimepandishwa cheo kuwa mkuu wa idara, kabla ya hapo nilikuwa fundi tu, nafanya kazi zangu namaliza naondoka. Sasa ofisi imeniambia nichague njia ya kujifunza uongozi na niwe nimejibu kabla mwezi haujaisha. Kuna MBA (shahada ya uzamili ya uongozi wa biashara) ya jioni miaka miwili, kuna kozi ya cheti ya mtandaoni miezi sita, au nibaki hapahapa kazini nipewe meneja mzoefu wa idara nyingine niwe nakaa nae saa moja kila wiki. Ipi inamjenga mtu zaidi? Mliopita huko nifungueni macho.

Daftari_Jeusi: Hujasema kitu mkuu. Unaongoza watu wangapi? Nani analipa? Ukikubali unafungwa mkataba wa muda gani? Na huko kazini kinachokusumbua ni nini hasa? Maana "kujifunza uongozi" ni sawa na mtu aingie duka la dawa aseme naumwa.

Kibarua_Mstaafu: MBA. Usizungushwe. Cheti cha miezi sita kinawekwa chini ya rundo la CV wala hakisomwi. MBA inakupa uhasibu, masoko, mikakati, watu, yote kwa pamoja, siku ukikaa kikao cha bajeti na watu wa fedha huwi unatumbua macho tu.

Mama_Ratiba: Kibarua huyo ni mtu wa kazi na MBA ni ya jioni, umewahi kusoma ya jioni wewe? Mimi nimesoma. Unatoka kazini umechoka unakuta kisa cha kampuni kurasa ishirini na majedwali nyuma, kesho yake darasani unaulizwa "ungekuwa wewe ndio mkurugenzi ungefanyaje" na jibu halipo popote. Ndivyo Harvard wanavyofundisha toka miaka ya 1920 na vyuo vingi vimeiga. Sikatai, inakufundisha kuamua wakati taarifa hazijakamilika na kutetea uamuzi wako mbele ya watu wanaokupinga, hiyo nimeitumia mpaka leo. Ila kile kisa kinakuja kimeshapangwa, kuna mtu alikaa akachagua kipi kiingie kipi kibaki nje. Kazini shida haiji na kurasa ishirini. Inakuja kwa mtu kununa.

Msimamizi_Mpya: Samahani wakuu nilikuwa site. Watu ni 14, idara ya matengenezo ya mashine. Cheti mwajiri analipa chote, MBA analipa nusu, na nikiondoka kabla ya miaka mitatu toka nimalize narudisha hela yao. Shida kubwa ni kazi zinachelewa, ripoti zinakuja nusunusu, na kuna mafundi wawili wakongwe hawanisikilizi kabisa. Mmoja wao aliitaka hii nafasi.

Daftari_Jeusi: Haaa! Sasa hiyo ya mwisho ndio ungeanza nayo, umeificha chini kama mtu anaficha deni. Kuongea na mtu aliyekitaka kiti chako hakuhitaji miaka miwili ya jioni. Unahitaji dakika arobaini, chumba chenye mlango, na wewe uongee kidogo kuliko yeye.

Kibarua_Mstaafu: Na miaka mitano ijayo akitaka kuwa mkurugenzi ataonyesha hizo dakika arobaini kwenye CV?

Stoo_ya_Zamani: Ngojeni niwape yaliyonikuta maana naona vyeti vinapigiwa debe kama vile cheti ndio kinaongea na watu. Nilimaliza kozi ya uongozi nimetoka na moto, nikakabidhiwa stoo yenye watu tisa. Malalamiko yalikuwa oda zinachelewa kutoka. Kozini tuliambiwa kisichopimwa hakisimamiwi, mimi nikabeba kama aya. Nikabandika karatasi ukutani, jina la kila mtu na idadi ya oda alizofunga siku hiyo, anayeongoza naandika kwa kalamu ya kijani wa mwisho nyekundu. Wiki ya kwanza namba zikapanda mpaka bosi akanipigia kunipongeza. Wiki ya tatu wakaanza kunipigia wateja. Kumbe kila mtu akifika asubuhi anakimbilia vioda vidogo, boksi moja, maboksi mawili, kwasababu kwenye karatasi yangu boksi moja na maboksi arobaini vyote ni oda moja. Zile kubwa zimeegemezwa nyuma ya mlango zinapigwa vumbi, na ndio za wateja wenyewe wanaotulisha. Afu walikuwepo jamaa wawili siku zote wanabeba mizigo mizito pamoja, wakaacha, kila mtu anaburuza boksi lake sakafuni mpaka linapasuka kona, maana kumsaidia mwenzio hakuna mstari wake pale ukutani. Mteja mmoja mkubwa akahama. Kuna mzee wa pale stoo alikuwa ameshaliona toka siku ya pili, nikamuuliza mzee wangu mbona hukuniambia, akanijibu "hukuuliza bosi, ulikuja na gundi mkononi."

Mama_Ratiba: "Ulikuja na gundi mkononi" 😂😂 huyo mzee ndio alitakiwa afundishe kozi.

Kibarua_Mstaafu: Hilo kosa ni lako Stoo sio la kozi. Kipimo kilikuwa kibovu, ungehesabu maboksi.

Stoo_ya_Zamani: Ningehesabu maboksi wangechagua maboksi mepesi. Ningepima kilo wangeviacha vyenye kuvunjika. Nimeshafikiria sana hii kitu usiku, usidhani ndio unaniamsha.

Profesa_Bila_Darasa: Wakuu mnazunguka jambo la zamani sana. Taylor, injinia wa Marekani, mwaka 1911 alishasema kila kazi ipimwe na itafutwe njia moja bora ya kuifanya. Baadae kile kiwanda cha Hawthorne karibu na Chicago, kuanzia 1924, wakajaribu taa, wakiongeza mwanga uzalishaji unapanda, wakipunguza bado unapanda, ikaonekana watu wanabadilika kwa sababu tu wanaangaliwa. Kwahiyo ile wiki ya kwanza ya Stoo haikuwa karatasi, ilikuwa macho.

Daftari_Jeusi: Hiyo hadithi ya taa inafundishwa kila mahali lakini wachumi walioenda kuzifukua zile takwimu za taa miaka ya karibuni wamekuta ushahidi wake ni mwembamba sana kuliko inavyosimuliwa. Ndio shida yangu na madarasa, kitu kikishaingia kwenye slaidi hakitoki.

Profesa_Bila_Darasa: Mwembamba sio sifuri.

Daftari_Jeusi: Na mwaka 1924 sio leo.

Fundi_Mwenzako: Jamani mtu ameuliza swali mnampeleka Chicago. Msimamizi mimi nimetoka ufundi kama wewe. Kwenye kazi kuchelewa anza na kitu tunachokijua sisi, kuuliza kwa nini mpaka ufike chini. Ohno wa Toyota ana mfano wake, mashine imesimama kwa nini, fyuzi imekata. Kwa nini, beringi imekaza haina oili. Kwa nini, pampu ya oili haivuti vizuri. Kwa nini, shafti yake imelika. Kwa nini, hakuna chujio, vumbi la chuma linaingia. Anayeishia swali la kwanza anabadilisha fyuzi kila wiki. Sasa wewe chukua kazi moja tu iliyochelewa wiki iliyopita, moja, uifuate kwa miguu toka ilipoandikwa mpaka iliposainiwa. Usiwaite ofisini, wafuate kwenye mashine.

Msimamizi_Mpya: Hii nimeipenda mkuu. Ila nikiuliza kwa nini mara tano kwa yule mkongwe atahisi namhoji kama polisi.

Mama_Ratiba: Atahisi hivyo kweli. Anza nae kwa "hii wewe ungeifanyaje", afu mkifika kwenye sababu uliza *nini* kilizuia, usiulize *nani*. Neno moja tu hilo ila utaona bega linashuka.

Profesa_Bila_Darasa: Nikirudi kwenye mada, mimi naona chaguo la tatu lirekebishwe. Meneja mmoja saa moja kwa wiki ni hatari, utaiga na mabaya yake. Miaka ya 1940 Uingereza kwenye migodi ya makaa, Reg Revans alikuwa anawakutanisha mameneja wa migodi kwenye vikundi vidogo, kila mmoja analeta tatizo lake ambalo bado linamuwasha, wenzake hawaruhusiwi kumpa hotuba, kazi yao ni kumuuliza maswali, anarudi anajaribu, anakuja kueleza ilikuwaje. Hapo kazini hakuna wakuu wa idara wengine wapya? Wanne tu wanatosha.

Kibarua_Mstaafu: Wapya wanne wasiojua wakae wafundishane kutojua. Sawa.

Stoo_ya_Zamani: Kibarua mimi ningekuwa na mtu mmoja tu wa kuniuliza "umewauliza waliopo?" mteja wangu angekuwepo.

Msimamizi_Mpya: Wapo wawili wapya, mmoja wa manunuzi mwingine wa usafirishaji. Hata sijawahi kukaa nao. Mrejesho kidogo, jana nilifuata kazi moja kama alivyosema Fundi. Imekaa siku nne, kwenye mashine imekaa saa mbili tu. Siku tatu ilikuwa inasubiri sahihi yangu mimi mwenyewe. Fomu ilikuwa kwenye trei ya chini.

Fundi_Mwenzako: 😂😂😂 karibu kwenye uongozi.

Daftari_Jeusi: Kwanini kazi ya saa mbili inahitaji sahihi yako? Hapo ndio kwa nini ya pili.

Msimamizi_Mpya: Aliyekuwepo kabla yangu aliweka utaratibu huo baada ya vifaa kupotea. Na huyo mkongwe ndio kaniambia, bila hata kumuuliza mara tano.

Mama_Ratiba: Basi ameshaanza kuongea nawe. Kikao chenu cha Jumatatu kinachukua muda gani?

Msimamizi_Mpya: Saa moja na nusu.

Mama_Ratiba: Nakupa mtihani. Kifanyeni wote mkiwa mmesimama mbele ya ubao, dakika kumi na tano.

Kibarua_Mstaafu: Kumsimamisha mtu mzima mwenye mgongo mbovu ndio uongozi wa kisasa? Vikao vya kusimama ni vya vijana wa kompyuta.

Mama_Ratiba: Mwenye mgongo akae, nani kakataza? Kinachosimama ni muda.

Fundi_Mwenzako: Sisi tunao huo ubao, una safu tatu za kazi, inasubiri, inafanyika, imekwama. Ya kukwama tunaandika kwa nyekundu.

Stoo_ya_Zamani: Nyekundu tena? Majina mmeandika?

Fundi_Mwenzako: Hapana mkuu, namba za mashine tu.

Kibarua_Mstaafu: Kwahiyo MBA haichukui?

Msimamizi_Mpya: Sijasema hivyo mzee, bado nina siku tisa. Fundi, picha ya huo ubao unaweza kunitumia?