Presi ya tani 60, mabeseni ya wapagazi: alumini, stenlesi, chuma cha kawaida au bati la zinki?

ChumaMoto_AR
Wakuu habari za kazi. Niko Unga Ltd hapa Arusha, mwezi uliopita nimenunua presi ya haidroliki ya tani 60, imeshatumika ila silinda safi na pampu haivuji, alafu kabla hata sijaizoea oda imeingia. Kampuni moja ya kupandisha wageni Kilimanjaro wanataka mabeseni 200 ya kunawia, yale mpagazi anampelekea mgeni maji ya moto asubuhi mlangoni kwa hema. Walikua na ya plastiki wanasema yanapasuka kule juu kwenye baridi. Kipimo upana sm 26, kina sm 8, kitu cha lita nne hivi. Nimepiga hesabu duara la kuanzia linakuja sm 40.

Sasa nimekwama kwenye material. Alumini, stenlesi, chuma cha kawaida nipake rangi, au bati la zinki ambalo ndo rahisi kulipata hapa mjini? Mteja kaniachia niamue mwenyewe ila kasisitiza uzito, maana mpagazi mwisho ni kilo 20 na mizigo inapimwa getini. Mliowahi kuvuta vyombo kwa presi (yaani kusukuma bamba tambarare mpaka liwe bakuli) niambieni ukweli, sitaki ninunue shiti kumi zikanifia mkononi.

MkerezaMoshi
Hongera kaka. Mi ningeanza na mizani kabla ya mashine, kwasababu mteja kashakwambia kinachomuuma. Duara la sm 40 la unene wa mm 1, chuma cha kawaida ni karibu kilo nzima, bati la zinki hivohivo, stenlesi hivohivo. Alumini ni gramu 340. Hata ukiongeza unene ufike mm 1.2 bado ni kama gramu 400. Beseni kumi tu umemwokolea mpagazi kilo sita, hiyo ni nusu ya begi la mgeni.

Alafu njoo kwenye nguvu. Kuvuta beseni lako kwa alumini laini ya mm 1 inakula kama tani 6, chuma cha kawaida kama 22, stenlesi ya 304 (ile aina ya kawaida ya vyombo) inafika 40 na kitu, na hapo hujaweka ringi ya kukandamizia kingo ambayo nayo inataka kama theluthi ya hiyo nguvu. Kwaiyo stenlesi ya mm 1 itakupeleka tani 55 kwenye mashine ya 60, kila siku, mara mia mbili. Sili za silinda hazitakusamehe. Ukishuka mm 0.8 unapumua, unabaki kwenye 43 hivi.

Na kitu ambacho wengi hatukifikirii, kukata lile duara kunakula nguvu kuliko kulivuta. Mzingo wa duara zidisha unene zidisha nguvu ya kukatika ya material. Alumini laini utakata kwa tani 10, chuma 45, 304 ya mm 1 inapita 60, yaani hiyo presi haikati, itabidi ukate nje kwa mkasi wa bati ndo ulete kuvuta.

ChumaMoto_AR
Dah asante sana, hiyo ya kukata sikua nimeiwaza kabisa. Sm 40 kwa sm 26 nitavuta mara moja au inabidi mara mbili?

MkerezaMoshi
Mara moja. Gawanya 40 kwa 26 unapata 1.54. Ukianza kupita 1.8 kwenda 2 ndo unafikiria hatua ya pili.

Neema_Welda
Mi naitetea stenlesi jamani, msiiache hivi hivi. Beseni la alumini mgeni analiona limefubaa baada ya safari tatu, na wale vijana wa jikoni wakilisugulia majivu au wakapikia kitu chenye magadi linakua jeusi, magadi na alumini haviivi chungu kimoja. Stenlesi inasuguliwa miaka na bado inang'aa. Nimetengeneza masinki na meza za jikoni za loji kibao na hakuna aliyewahi kurudisha.

Ila kaka ukienda stenlesi nunua kwa macho. Watu wanapima kwa sumaku, ikishika wanasema feki isiposhika wanasema 304. Sio kweli. 430 inashika sumaku na ni stenlesi halali, inavutika kwa nguvu ndogo kuliko 304 ila haina uvumilivu, ukiivuta sana inachanika. Na kuna 201 ambayo haishiki sumaku kama 304 lakini inawahi kutu na inakua ngumu vibaya ikianza kuvutwa. Muulize muuzaji karatasi ya mzigo, sumaku haitakutofautishia 201 na 304. Tena hata 304 yenyewe ukishaivuta zile kona zinaanza kushika sumaku kidogo, usije ukagombana na muuza shiti bure.

Jambo la pili, stenlesi inanata kwenye dai, ile fomu ya chuma yenye tundu ambamo beseni linavutwa. Ikigandia kidogo tu inachora mistari kwenye kila beseni linalofuata. Acha ile plastiki inayokuja juu ya shiti, vuta nayo, uibandue mwishoni.

BatiKali255
Na bati la zinki mbona mnaliruka? Mi nakunja mabati kila siku kwa ajili ya mageti na mifereji ya maji, halisumbui, ni bei poa na haliwahi kutu.

MzeeThemi
Vijana, kukunja na kuvuta ni vitu viwili tofauti, na hapo ndipo pesa za wengi zimepotelea. Bati la kuezekea, hasa hilo jembamba gumu, limetengenezwa gumu makusudi, halivutiki. Ukilikunja mstari mmoja linakubali. Ukilivuta liwe bakuli linachanika kwenye kona ya chini kama karatasi. Lipo bati la zinki laini la kuvuta, lakini siyo hilo linalouzwa kwa ajili ya paa, usidanganyike na mng'aro. Na usijaribu kulilainisha kwa moto, moshi wa zinki una homa yake, nimewahi kulala siku nzima natetemeka kama mwenye malaria.

Chuma cha kawaida kinavutika vizuri kuliko vyote kwa bei yake, mimi nimekipenda maisha yangu yote. Lakini kwa chombo cha maji ya moto kinachogongwa kwenye mawe kila siku, rangi itabanduka na kutu itaingia. Kwa kazi hii kiache.

Kwa alumini sikilizeni hapa. Shiti nyingi madukani ni nusu ngumu. Ukiivuta hivyo itachanika na utasema alumini mbaya. Ilainishe kwanza: paka sabuni ya mche juu ya duara, pitisha moto taratibu upande wa chini mpaka sabuni igeuke kahawia nyeusi, toa moto, acha ipoe. Sabuni ndiyo kipimajoto chako, kwasababu alumini haiwi nyekundu kama chuma, ukisubiri wekundu utaona imeshadondoka, inayeyuka kwenye 660.

ChumaMoto_AR
Shikamoo mzee, na asante. Hiyo ya sabuni naiandika ukutani.

Lemosho_Zamani
Mi sio fundi, nimebeba mlimani miaka sita nikaacha. Naomba niseme upande wetu. Beseni lisiwe na kuta wima kama sufuria, halitaingiana na lenzake, na mabeseni kumi yasiyoingiana ni mzigo mzima peke yake. Yakiingiana mtu mmoja anafunga juu ya begi na anaenda. Pia ukingo ukunjwe uwe mviringo, alumini yenye maji ya moto inaunguza vidole na ukingo mkali unakata mkono ukiwa umekufa ganzi. Kuhusu kufubaa, dada Neema kweli, ila kambini saa kumi na moja asubuhi mgeni anachoangalia ni kama maji yana moto, beseni haliangalii.

Neema_Welda
Hapo umenishika kaka, nimekubali. Kwa mlimani alumini. Ya kwenye loji ChumaMoto nitafute tuongee stenlesi.

MkerezaMoshi
Ukiweka kuta za mlazo angalia kitu kimoja, ile sehemu ya katikati ya ukuta haishikwi na panchi (chuma kinachosukuma duara liingie) wala dai, ndo makunyanzi yanapotokea. Kaza ringi zaidi kidogo, na usimwage mafuta kwenye kingo kama unakaanga.

ChumaMoto_AR
Wakuu narudi na majibu. Nimejaribu maduara matatu ya alumini mm 1.2, yote nimelainisha kwa sabuni. La kwanza makunyanzi matupu, ringi ilikua legevu. La pili nimekaza likachanika chini, nikagundua panchi yangu kona yake ni kali, kama mm 2 tu. Nimempelekea fundi wa kukereza akaifikisha mm 8, la tatu limetoka safi, kuta za mlazo, halina hata mkunjo mmoja, geji inasoma kama tani 8. Nimelipeleka kwa mteja akalipima, gramu 380 baada ya kupunguza kingo, kalishika muda mrefu bila kuongea alafu kaniambia endelea.

Shiti ya futi 4 kwa 8 inatoa maduara 18, matatu upana na sita urefu, yamebanana sana ila yanaingia. Kwaiyo natafuta shiti 12, mwenye duka Arusha au Moshi lenye alumini ambayo tayari ni laini aniambie inbox, nipunguze kazi ya moto. Na mzee Themi, maduara mawili yaliyoharibika nimeyatunza, ukipita huku nataka nikuonyeshe lile lilivyochanika, ni kona ya chini ile ile uliyoisema kwenye bati.