Ukaguzi wa akiolojia kabla ya barabara: je, mitaro nayo ikaguliwe?

Msanifu_Pwani: Wakuu, habari za kazi. Barabara ya lami ya kilomita 9 inasanifiwa pwani ya Bagamoyo, mitaro ya zege pande zote mbili, kalvati zinamwaga maji upande wa mikoko. Ukaguzi wa mambo ya kale umepangiwa siku mbili, na ni mstari wa katikati tu. Inatosha?

Kigae: Haitoshi, mkuu. Tuta la barabara hukwangua juu juu tu, mtaro ndio unaoshuka mita moja na zaidi, na huko ndiko makazi ya kale ya pwani yalikolala.

Hifadhi ya barabara ni mita 60, kwa hiyo watu watano walioachana mita 12 hivi wataifagia yote. Waende kiangazi, nyasi zikiwa zimefyekwa. Masika utatembea juu ya vigae usivione. Watafute shanga, mavi ya chuma (mabaki ya kuyeyushia chuma), mawe ya matumbawe yenye chokaa, vigae vya vyungu. Kigae chenye pembetatu zilizochorwa kabla ya kuchomwa ni dalili ya makazi ya karne ya 7 hadi ya 10, hata pasipokuwa na ukuta. Nyumba nyingi za wakati ule zilikuwa za miti na udongo, hazikuacha magofu ya mawe kama yale ya Kaole, karibu na Bagamoyo, na ndiyo maana hurukwa.

Kisha mashimo ya sentimita 50 kwa 50 kwenye mstari wenyewe wa mtaro, kila mita 25. Shuka kwa tabaka za sentimita 10 kila moja, udongo wote upite kwenye chekeche la milimita 5. Ukifika kwenye mchanga mtupu usiache hapo, ongeza sentimita 30: mchanga uliopeperushwa na upepo hufunika tabaka kongwe. Lebo ya ndani ya mfuko iandikwe kwa penseli, wino huyeyuka kwa unyevu.

Ramani_Mkononi: Nakazia mahali panaposahaulika: machimbo ya kifusi, barabara ya mchepuko, kambi ya mkandarasi na, zaidi ya yote, mdomo wa mtaro. Maji yaliyokusanywa pamoja yanaweza kula eneo la kale kwa masika moja, hata kama mashine haikuligusa. Kuusogeza mdomo mita 40 kabla ya zabuni ni kufuta mstari kwenye mchoro. Baada ya mkataba ni madai na ucheleweshaji. Na karibu na kuta za matumbawe, rola ifanye kazi bila mtetemo.

Msanifu_Pwani: Asanteni sana. Na kitu kikijitokeza ekskaveta ikiwa kazini?

Kigae: Kwanza, sehemu zenye dalili zichimbwe kwa bakuli lisilo na meno, mwanaakiolojia akiwa pembeni. Kitu kikionekana, simamisha, zungushia utepe, piga picha yenye kipimo, usikitoe, toa taarifa Idara ya Mambo ya Kale. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda vilivyotengenezwa na binadamu kabla ya 1863, na huruhusiwi kufukua bila leseni. Mashine ihamie kipande kingine.

Ila liwekeni hili kwenye jedwali la gharama: saa za kusimama zilipwe. Zisipolipwa, anayeumia ni mkandarasi, na opereta atafukia akae kimya.

Ramani_Mkononi: Likiwa kaburi, anzeni na serikali ya mtaa na wazee wa pale. Kulihamisha kuna sheria yake, ya 1969.