Mrejesho: magome ya paini kwenye ndoo za ndimu na parachichi

Wakuu, asanteni sana. Niliuliza kwa nini ndimu kwenye ndoo za lita 20 zenye magome mabichi ya paini zinageuka njano. Mlisema magome mabichi yanakula naitrojeni (kirutubisho kinachofanya majani yawe kijani), na ndivyo ilivyokuwa. Nimeyarundika miezi 4 na urea kidogo (mbolea ya naitrojeni), yakiwa na unyevu, nikayachekecha kuondoa vumbi. Mchanganyiko: magome debe 3, mchanga wa chembe kubwa 1, mboji 1. Ndimu zimerudi kijani kabisa.

Parachichi moja limekufa. Kokoto nilizoweka chini ziliacha maji yatuame juu yake; mizizi ilikuwa imeoza, ya kahawia, ukiivuta ganda linabanduka. Msiweke kokoto, toboeni matundu zaidi.

Baada ya mwaka mchanganyiko umeshuka vidole vinne. Msijazie shinani: inueni mti, jazeni chini.