PTA au LVN? Ijumaa natakiwa kulipa, naomba mawazo yenu

BintiPangani
Habari za humu jamani. Niko Houston, mwaka wa nne huu ni CNA, yaani msaidizi wa wauguzi, kwenye nyumba ya wazee. Nimepata nafasi vyuo viwili: kimoja PTA, yaani msaidizi wa fizioterapia, miaka miwili, kingine LVN, yaani muuguzi wa ngazi ya chini ya RN, mwaka mmoja. Wote wanataka pesa ya kushikia nafasi kabla ya Ijumaa. Moyo wangu uko PTA. Pale kazini kuna babu alikuja na kiharusi, hawezi hata kukaa kitandani bila kushikwa. PTA wetu kamhangaikia wiki baada ya wiki, na juzi babu kaenda chooni kwa miguu yake, kashika fremu. Nililia. Mume wangu anasema uuguzi ndio wenye hela. Mngekuwa ninyi mngefanyaje?

KakaDallas
Dada, swali umeliacha nusu. Makaratasi yako yakoje, una kadi ya ukaazi au uko kwa viza ya mwanafunzi? Chuo ni cha jamii au cha mtu binafsi? Ada kiasi gani? Una watoto? Unafanya zamu ya mchana au ya usiku? Bila hayo tutakupa ushauri wa gizani.

Nesi_Minnesota
Mimi sihitaji hayo yote. LVN. Mwaka mmoja, unafanya mtihani wa leseni, NCLEX-PN, unaingia kazini, halafu unasomea RN, muuguzi kamili, huku unalipwa. PTA ukimaliza umefika mwisho wa ngazi. Ukitaka kuwa PT mwenyewe, yaani mtaalamu wa fizioterapia, unahitaji shahada ya kwanza, kisha udaktari wa fizioterapia miaka mitatu. Nimepitia njia ya uuguzi kuanzia CNA mpaka RN, na kila hatua ilinilipia inayofuata.

FizioMoshi
Nesi, nakuheshimu, lakini hapo kwenye hela tuwe wakweli. Kwa takwimu za Wizara ya Kazi ya Marekani, PTA wa kati anapata zaidi ya dola 60,000 kwa mwaka, juu kidogo ya LVN. RN ndiye anayewapita wote wawili. Na ngazi haijakatika kabisa: Chuo Kikuu cha Findlay kule Ohio kina masomo ya wikendi yanayomtoa PTA kwenda PT. Nafasi ni chache, lakini zipo.

Mimi ni PTA mwaka wa sita. Silali na simu ya wodi kichwani. PT anamtathmini mgonjwa na kuandika mpango, mimi nautekeleza: namfundisha kuinuka kitini, kupanda ngazi, kutembea na mkanda kiunoni nimemshika. Tathmini ya kwanza si yangu kisheria, na siifanyi hata nikiombwa.

Juma_wa_Tampa
Kwani PTA inahitaji shule? Binamu yangu yuko kliniki ya fizioterapia, alianza kazi wiki aliyoomba.

FizioMoshi
Huyo ni mhudumu wa kliniki, si PTA. Anapanga vitanda, anafuta mashine, anamsogeza mgonjwa, na hahitaji leseni. PTA lazima amalize stashahada kwenye programu yenye ithibati ya CAPTE, tume inayokagua programu za fizioterapia, afanye mtihani wa taifa, kisha jimbo limpe leseni. Majina yanafanana kwa Kiingereza na watu wengi wanapotea hapo.

MamaZawadi_Ohio
Mdogo wangu BintiPangani, hapo kwenye ithibati nisikilize, maana mimi niliumia.

Nilianza chuo kimoja cha binafsi, sitakitaja. Tangazo zuri, walinipigia simu kila siku, hakuna kusubiri foleni kama chuo cha jamii. Niliuliza kama wana ithibati, wakaniambia "chuo chetu kina ithibati." Kweli chuo kilikuwa nayo. Programu ya PTA ndiyo haikuwa nayo. Ilikuwa bado inaomba. Mimi sikujua kuwa hivyo ni vitu viwili. Nilikopa, nikaacha zamu za mchana, mume wangu akabeba box kazi mbili, usiku ghala na mchana kuendesha gari. Mwanangu wa kwanza alijifunza kupika ugali mwaka ule, ana miaka kumi.

Muhula wa nne tukaitwa ukumbini. Programu imefungwa. Bila kumaliza programu yenye ithibati hukai mtihani, na bila mtihani hakuna jimbo litakalokupa leseni. Nilipeleka masomo yangu chuo kingine, wakapokea anatomia na Kiingereza tu. Masomo yenyewe ya fizioterapia waliyakataa yote. Nikaanza upya kabisa. Leo nina leseni na naipenda kazi, lakini lile deni bado nalilipa.

Ingia tovuti ya CAPTE, tafuta programu kwa jina, wala si chuo. Fanya leo.

BintiPangani
Shikamoo mama, na pole sana. Nina kadi ya ukaazi, watoto wawili, nafanya usiku. Chuo cha PTA ni cha binafsi. Nimesoma barua tena sasa hivi: wameandika programu iko kwenye hatua ya "mgombea wa ithibati."

MamaZawadi_Ohio
Marahaba. Usilipe.

KakaDallas
Kwa nini hukusema mwanzo? Hilo ndilo lilikuwa swali lenyewe.

FizioMoshi
Mama, nakuelewa, ila tusimtishe kupita kiasi. Kila programu mpya hupitia ugombea, na nyingi hupewa ithibati kabla kundi la kwanza halijahitimu. Lakini hatari anaibeba mwanafunzi, hilo ni kweli. Waulize kwa maandishi: kundi la kwanza linahitimu lini, uamuzi wa CAPTE unatarajiwa lini, na wakinyimwa ninyi mnapelekwa wapi. Wakikujibu kwa simu tu, ondoka.

MamaZawadi_Ohio
Mwanangu, mwenye watoto wawili hana nafasi ya kubahatisha. Kwenye programu zilizokwisha kupata ithibati unaweza hata kutazama asilimia ya wanaofaulu mtihani. Ya mgombea utatazama nini?

KakaDallas
Ana kadi ya ukaazi, kwa hiyo ajaze FAFSA, fomu ya kuomba msaada wa ada wa serikali. Ruzuku ya Pell, ambayo hairudishwi, inafika dola 7,395 kwa mwaka, na chuo cha jamii kwa ada ya mkazi kinaweza kulipika karibu chote. Houston kuna PTA kwenye chuo cha jamii. Kuingia ni ushindani, lakini asubiri mwaka mmoja afanye anatomia na fiziolojia vizuri.

Nesi_Minnesota
Au aanze LVN Ijumaa hii hii, huo mwaka wa kusubiri uwe mwaka wa leseni. Halafu jambo hamjalisema: mafunzo ya vitendo ya PTA ni wiki nzima, asubuhi mpaka jioni, bila malipo. Anayefanya usiku atalala saa ngapi?

FizioMoshi
Hilo kweli. Wiki zile nilifanya Jumamosi na Jumapili tu, nikaishi kwa akiba.

Juma_wa_Tampa
Na ajira? Nasikia 2019 watu wa tiba walipunguzwa kwenye nyumba za wazee.

FizioMoshi
Oktoba 2019 Medicare, bima ya serikali ya wazee, ilibadili malipo ya nyumba za wazee, dakika za tiba zikaacha kuwa kipimo cha fedha, na waliokatwa saa walikuwa wengi. Tangu 2022 tena, huduma ya PTA kwa wagonjwa wa nje inalipwa na Medicare asilimia 85 tu ya kiwango cha kawaida. Hilo linaniuma, kwa sababu mgonjwa wangu hatembei asilimia 85. Lakini sijawahi kukaa bila kazi.

Juma_wa_Tampa
Mama yangu Tanga aliambiwa dada yangu anasomea fizioterapia, akauliza, "Amevuka bahari kwenda kuchua watu?"

FizioMoshi
Wangu pia. Nilimpigia simu ya video, kwa ruhusa ya mgonjwa, akamwona bibi wa miaka 81 akipanda ngazi tano baada ya kuvunjika nyonga. Tangu siku hiyo akisali ananitaja na kazi yangu.

Otieno_KMTC
Samahani kuingilia. Nina diploma ya fizioterapia ya KMTC, chuo cha mafunzo ya tiba cha Kenya, miaka mitatu, na nimefanya kazi Kisumu. Nimefika Texas mwezi jana. Je, nahitaji kuanza PTA mwanzo?

FizioMoshi
Ndugu, usilipe chuo chochote bado. Soma kwanza masharti ya bodi ya Texas kwa waliosoma nje, kisha uone kuhusu FCCPT, ndio wanaopima vyeti vyetu. Watataka nakala za masomo zitoke KMTC moja kwa moja, kwa hiyo mtafute mtu Nairobi wa kufuatilia kaunta kwa kaunta. Mihula uliyosoma unayo kwa maandishi, pamoja na saa za vitendo?

Otieno_KMTC
Saa za vitendo sina. Kitabu nilichoziandikia kilibaki nyumbani kwa shangazi. Nitampigia kesho asubuhi ya huko.