Tupeane uzoefu: katuni iliyorudi nyuma kusimulia chanzo, wahakiki wakaiponda. Wewe na wanao mliionaje?

Wakuu, habari za muda huu. Hizi katuni zinazotoka miaka mingi baada ya ile tunayoijua, halafu zinatusimulia mambo yalivyoanza, huwa wahakiki hawazionei huruma. Nilisoma habari za Mufasa: The Lion King (2024) kabla ya kuipeleka familia, nusura niahirishe. Kwenye Rotten Tomatoes, tovuti inayokusanya maoni ya wahakiki na watazamaji, wahakiki walikuwa asilimia hamsini na kitu, watazamaji karibu tisini. Malalamiko: sura za simba ni halisi mno kiasi kwamba hazioneshi hisia, wachekeshaji Timon na Pumbaa wanakatiza hadithi kila inapokolea, na nani aliuliza Scar, yule simba anayemuua Mufasa kwenye The Lion King, alikuwa nani utotoni?

Sasa hilo la mwisho sisi wa Kiswahili lina utamu wake, maana Scar zamani aliitwa Taka. Binti yangu wa miaka saba akanivuta mkono gizani: "Baba, kwa nini anaitwa Taka?" Nikamwambia labda ni kutaka, kutamani kitu. Akafikiri. "Au takataka." Tangu hapo kila Taka akitokea yeye ananong'ona hukumu yake. Alipomwokoa Mufasa majini: "Si takataka!" Alipoanza wivu juu ya Sarabi, simba jike waliyempenda wote wawili: "Anataka, anataka." Alipomsaliti ndugu yake, kimya. Uhakiki niliousoma wote haukuwa na hilo.

Leteni zenu.

Jibu la 1
Mkuu, asilimia ile si alama ya mtihani. Inahesabu ni wahakiki wangapi kati ya mia wameipa filamu maoni mazuri, basi. Filamu ambayo kila mmoja kaona "inafaa tu" inaweza kupata mia. Mimi sikulijua hilo, nikamnyima mwanangu Minions (2015) kwa sababu wahakiki walikuwa vuguvugu. Kumbe ilikusanya zaidi ya dola bilioni 1, na darasa lao zima walishaiona. Nilisimangwa mpaka nikakoma.

Jibu la 2
Wahakiki wakali wako nyumbani. Kwenye Monsters, Inc. (2001) zimwi Mike anamtania mwenzake Sulley kwamba Sulley anauonea wivu uzuri wa Mike tangu darasa la nne. Monsters University (2013) ikaja kutuambia walikutana chuoni. Wangu wa miaka kumi alisimamisha filamu kudai maelezo. Sikuwa nayo.

Jibu la 3
Mimi niko upande wa wahakiki, mnisamehe. Ukishajua Mufasa atafika kuwa mfalme, mafuriko ya nini? Nilisinzia, mke wangu akaniamsha taa zimewashwa.

Mwanzisha mada
Binti yangu anajua mpaka Mufasa atakavyokufa. Kwenye mafuriko alinikamata shati hivyo hivyo, kifungo kikang'oka.

Jibu la 4
Hiyo Monsters University mimi nina deni nayo. Wahakiki waliisifu, ila wengi wakasema haina kina cha ile ya kwanza. Nyumbani tuliiona wiki ambayo kijana wangu alikosa nafasi ya chuo alichokitaka. Nikajilaumu nusu saa nzima, maana Mike anasoma kuliko wote, kanuni zote za kutisha watoto, kazi ya mazimwi hao, anazo kichwani, tatizo hatishi. Nikawa nasubiri ile ya siku zote, kwamba ukijiamini utaweza. Haikuja. Anaingia kwenye chumba kilichojaa watoto wa binadamu, hakuna hata mmoja anayeogopa. Mwisho wanafukuzwa chuo wote wawili, wanaanzia kazi kwenye chumba cha barua cha kampuni ile ile waliyoiota.

Kijana hakusema neno. Majina ya watengenezaji yalipoanza kupanda, akachukua rimoti, akarudisha mpaka kwenye chumba cha barua, akaangalia tena. Kisha akarudisha mara ya pili.