Mjadala: Kilimani imejaa, Konza ina nafasi. Pesa za umma ziende wapi?

Wadau, salaam. Kila bajeti ikisomwa hoja hii hurudi: Konza, mji wa teknolojia ambao serikali inaujenga nje ya Nairobi, iendelee kumwagiwa fedha, au ziende kule ambako watu wa teknolojia tayari wapo? Mimi nasema Kilimani na Barabara ya Ngong, hapa Nairobi, kwanza.

Kilimani ulikuwa mtaa wa nyumba zenye bustani kubwa. M-Pesa ikaja 2007, nyaya za intaneti za baharini zikafika Mombasa 2009, na 2010 iHub, ukumbi wa wabunifu wa teknolojia, ikafunguliwa jengo la Bishop Magua Centre, Barabara ya Ngong. Hakuna waziri aliyeutangaza mtaa huu kitovu cha chochote. Vijana waliufuata kwa sababu matatu zinapita mlangoni, wateja wako karibu, na ukikosana na mwajiri unabisha hodi jengo la pili.

Sasa mtaa umelemewa. Pita Barabara ya Kindaruma asubuhi: boza la maji limeegeshwa langoni mwa ghorofa, mpira umepandishwa hadi tangi la juu, na nyuma yake magari yanapiga honi. Mabomba ya majitaka yaliwekewa familia moja kwa kila kiwanja. Leo kiwanja kilekile kimebeba jengo zima.

Konza ni ekari 5,000, zaidi ya kilomita 60 kutoka jijini. Rais Kibaki alizindua ujenzi Januari 2013. Barabara za ndani zinapendeza. Wa kuzipita ndio haba.

Jibu: Ndugu, umeruka suala la ardhi. Kilimani ni viwanja vya watu binafsi. Tukiweka mabomba mapya kwa kodi zetu, mwenye jengo atapandisha pango, na huyo kijana unayemtetea atahamia Rongai. Konza ardhi ni ya serikali. Halafu kituo cha taifa cha data na Chuo Kikuu Huria cha Kenya ungeviweka wapi Kilimani, juu ya paa?

Mwanzisha mada: Kituo cha data kibaki hukohuko, mitambo haipandi matatu. Ila pango limepanda hata bila mabomba, na mpangaji bado anachangia boza. Ningependa kuwasikia wenye kampuni ndogo: mkipewa ofisi Konza bila kulipa pango miaka miwili, mtahama? Na wafanyakazi wenu, wenye watoto shule za Nairobi, mtawaambiaje?