Balkoni Mbeya mjini: giligilani inarefuka tu, rihani imekuwa nyeusi. Nikubali kushindwa?

MamaJunior_Forest
Wakuu, habari za jioni. Naishi Mbeya mjini, ghorofa ya pili, nina kibalkoni cha kutosha viti viwili na kamba ya kuanikia. Tangu Novemba nimepanda giligilani, rihani, rozimari, mnanaa, mchaichai, na shubiri ya mama mkwe ambayo haiguswi bila ruhusa yake. Vyombo ni ndoo za rangi za lita 20 na dumu moja nililolikata ubavuni. Udongo nilinunua kwa jamaa wa miche, mweusi tii.

Mvua zote giligilani ilikuwa inarefuka kama uzi, majani ya kuhesabu, kisha inalala. Baridi ya Julai hii ndiyo imemaliza: rihani ilianza weusi kwenye ncha, asubuhi moja nikaikuta imenywea shina zima. Rozimari inapukutika kuanzia chini. Mnanaa peke yake ndio unaonipa moyo, ila sasa umeanza kumkaba mchaichai, maana vimo dumu moja. Jirani anasema Mbeya baridi, viungo niwaachie watu wa Kyela. Ni kweli? Halafu mwenye nyumba naye analalamika maji yanadondokea nguo za wa chini. Nisaidieni, ndoo zinakaribia kurudi kwenye kufulia.

Mnyalu_wa_Kihesa
Kamwene dada. Kwanza nijibu hili: ukisimama hapo balkoni unatazama nini?

MamaJunior_Forest
Kamwene kaka. Naona mlima Loleza wote, siku ikiwa haina ukungu.

Mnyalu_wa_Kihesa
Basi unatazama kaskazini, na hapo nusu ya kesi imeisha. Mbeya iko karibu nyuzi 9 kusini mwa ikweta. Kuanzia mwisho wa Februari mpaka katikati ya Oktoba jua la mchana linakaa upande wako wa Loleza. Novemba mpaka Januari linahamia nyuma ya nyumba, paa linakufunika, na mawingu ya mvua juu yake. Giligilani uliipanda gizani, ikawa inatafuta mwanga. Baridi haina kosa hapo. Kwanza giligilani inaipenda baridi, joto ndilo linaloifanya ikimbilie maua kabla hujala majani.

Kwa hiyo panda sasa. Kila punje ni mbegu mbili zimeshikana, iviringishe taratibu chini ya chupa mpaka ipasuke, loweka usiku kucha, kisha mwaga hapo hapo itakapokulia, haipendi kuhamishwa. Kwa baridi hii inaweza kuchukua wiki mbili na zaidi kuchomoza, usiichimbechimbe kuangalia.

Rihani hapo jirani yako yuko sahihi. Usiku ukishuka chini ya nyuzi 10 inaungua majani. Subiri Septemba, au iwe ya dirisha la jikoni. Mchaichai nao usiukate sasa hata kama ncha zimekauka, uache mpaka joto lirudi ndipo uufyeke ubaki kama shubiri moja ya mkono (siyo ile ya mama mkwe).

Bishoo_Mwanjelwa
Dada yangu, fungu la kotimiri hapa sokoni linakushinda nini? Ndoo, mbolea, ugomvi na mwenye nyumba, yote hayo kwa kachumbari?

MamaJunior_Forest
@Bishoo fungu lenu nusu linaozea kwenye friji. Mimi nataka vijani vitatu, saa moja usiku, nikiwa na kanga.

Fundi_Uyole
Hiyo rozimari inazama, haisikii baridi. Chomeka kidole kwenye udongo mpaka kifundo cha pili. Kikitoka na tope, tatizo ni hilo. Udongo mweusi wa jamaa wa miche ni mzuri shambani, lakini ndani ya ndoo unashikamana, mizizi inakosa hewa. Changanya nusu kwa nusu na mchanga mnene wa mto, au vile vijiwe vyepesi vyenye matundu ambavyo huku Uyole ukichimba unakutana navyo. Pumba za mpunga zinafaa pia kwa giligilani na mnanaa. Samadi iwe imeoza kabisa, isiwe na harufu.

Ndoo zina matundu? Wengi wanatoboa moja katikati, linazibwa na udongo siku ya kwanza. Pasha msumari wa inchi nne, toboa matano au sita pembeni, karibu na kitako. Chini weka beseni la zamani, ndoo ikae juu ya vipande viwili vya tofali ndani ya hilo beseni. Maji yanabaki humo, unayamwaga chooni, nguo za watu zinapona. Na ndoo hizo zipange ukutani, siyo kwenye ukingo. Moja ikijaa udongo uliolowa inagusa kilo 30, na upepo wa Agosti mnaujua.

Mnanaa uutoe kwenye dumu leo. Mizizi yake inatambaa chini kwa chini, mchaichai hauna ubavu huo.

Mzee_wa_Pakanga
Mbona hamjamtajia pakanga? Chai yake vikombe viwili, malaria kwaheri. Watoto wangu sijawapeleka hospitali.

Nesi_Mstaafu_Tukuyu
Mzee wangu shikamoo, lakini hapo hapana. Dutu ya artemisinin inatoka kweli kwenye pakanga ya Kichina, na ndiyo iliyomo kwenye dawa mseto. Ila kikombe cha chai hakina kipimo kinachojulikana. Shirika la Afya Duniani halikubali majani hayo yatumike kutibu malaria. Vimelea vikipata dozi pungufu vinabaki mwilini na vinaweza kujifunza kuhimili dawa. Mtu akitoka Kyela na homa, apimwe.

Na wewe mama Junior, shubiri: ute mweupe wa ndani ni wa kupaka ngozi iliyoungua kidogo. Yale maji ya njano yanayotoka chini ya ganda ni haluli kali, mjamzito asiyanywe kabisa. Kama mama mkwe anatumia vidonge vya presha au sukari, amwambie daktari kila anachokunywa pembeni. Mchaichai na mnanaa kwa chai ya jioni hazina neno.

MamaJunior_Forest
Asanteni sana. Nimechomeka kidole kwenye rozimari: tope tupu. Matundu yapo mawili, yote katikati ya kitako. Naihamisha kesho. Je, nipogoe matawi yaliyokauka au niyaache?

Fundi_Uyole
Yaliyokauka kata. Yaliyo mabichi chukua matatu ya urefu wa kidole, menya majani ya chini, chomeka kwenye mchanga mbichi kivulini. Mama akifa, watoto wapo. Na usimwagilie mpaka sehemu ya juu ikauke.

Bishoo_Mwanjelwa
Mojawapo la matawi hayo nitumie, nakuletea mbegu ya kotimiri isiyokaangwa.